Kufua Nguo Musoma: Kutoka Mawe ya Ziwani hadi Mashine ya Uani

Nyumba nyingi za zamani za Musoma hazina mahali pa kufulia. Pita Nyasho, pita Iringo, pita Mwigobero, utakuta sebule, vyumba vya kulala, jiko la mkaa uani, bafu na choo pembeni, na kamba iliyofungwa kutoka kwenye mwembe hadi kwenye nguzo ya ukuta. Basi. Waliozijenga hawakusahau kitu. Walijua kwamba kufua kuna mahali pake, na mahali penyewe ni ziwani. Ndiyo maana leo mabinti zetu wakinunua mashine ya kufulia wanazunguka na fundi chumba kwa chumba wakitafuta pa kuiweka, na mara nyingi inaishia sebuleni kando ya televisheni, bomba lake la maji machafu limepitishwa mlangoni na watoto wanalikanyaga.

Mimi nimefundisha sayansi kimu katika shule za mkoa huu hadi kustaafu. Nimezaliwa Butiama, nimeolewa Musoma, na wifi yangu anaishi Bunda. Nimefua kisimani, nimefua ziwani, nimefua kwenye karo, na sasa nafua kwa mashine. Watu wakiniuliza wanunue mashine gani na waiweke wapi, huwa nawarudisha nyuma kwanza, kwa sababu majibu yako kwenye njia ambayo nguo chafu za Mara zimepita mpaka kufika uani kwetu.

Babu na bibi zetu Wazanaki walivaa ngozi, na ngozi haifuliwi. Inalainishwa, inapakwa mafuta, inapigwa jua. Kufua kama kazi ya kila wiki kulikuja na kitambaa cha pamba, na kitambaa kilipofika vijijini kilivaliwa kwanza na watu wachache: wa boma, wa misheni, na watoto wa shule. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Nyerere Burito, akiwa na umri wa miaka 12, alitoka Butiama kwenda kuanza shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Mwaka huohuo Wamennonite kutoka Marekani walianza misheni yao Shirati, kaskazini kwetu, na mwaka 1946 mapadre wa Maryknoll wakafika Musoma. Darasa, kanisa na hospitali vyote vilitaka nguo safi. Nguo nyeupe hasa, na nyeupe ndiyo inayoonyesha uchafu kuliko zote.

Butiama iko juu, mbali na ziwa. Utotoni kwangu maji yalikuwa bondeni, na debe moja ni lita 20, yaani kilo 20 kichwani, kupanda mlima. Mama yangu hakuleta maji ya kufulia nyumbani hata siku moja. Alipeleka nguo kwenye maji. Palikuwa na sheria ambayo hakuna mtoto aliyethubutu kuivunja: sabuni isisogee karibu na kisima. Tulichota, tukasogea hatua nyingi upande wa chini, tukafua kwenye karai, na maji machafu tukayamwaga bondeni zaidi, kwenye migomba. Nguo zilikuwa chache. Mtu mzima alikuwa na ya kuvaa na ya kubadilisha, ya kanisani ikiwa sandukuni. Nasisitiza uchache huo kwa sababu ndio uliofanya kazi iwezekane.

Nilipoolewa Musoma niliona mambo mengine kabisa. Rasi ya Musoma imejaa mawe makubwa ya matale, yanashuka mpaka majini, na kila mtaa wa pwani ulikuwa na mawe yake. Mama mkwe wangu, Mkwaya wa hapa hapa, alikuwa na jiwe ambalo wanawake wenzake walilijua kuwa ni lake. Halikuwa lake la asili. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, mwaka wa Uhuru, zilipandisha ziwa, na hadi mwaka 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili. Mawe waliyoyatumia tangu usichana yalizama yote. "Mwanangu, tulihama kama watu waliochomewa nyumba," aliniambia, "kila mtu akatafuta jiwe jipya, na wengine walinuniana mwaka mzima." Ziwa lilipofurika tena mwaka 2020 na kuingia kwenye nyumba za kandokando, nilimkumbuka.

Maji ya Ziwa Nyanza ni laini, hayana chokaa nyingi, kwa hiyo kipande kidogo cha sabuni ya mche kilitoa povu la kutosha. Walianza alfajiri. Asubuhi ziwa limetulia na maji ya ukingoni ni safi. Mchana upepo hugeuka, unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, mawimbi yanakoroga mchanga, na nguo nyeupe inatoka majini ikiwa na rangi ya chai. Nyeupe zilitangulia, kisha za rangi, kisha za kazi. Kanga mpya ilisubiri mwisho peke yake, na mara ya kwanza ilitiwa kwenye maji ya chumvi ili isichuje. Mmoja alikaa bila kufua, akitazama maji. Huyo alikuwa mlinzi wa mamba, na zamu yake iliheshimiwa kuliko zamu nyingine yoyote.

Nguo zilitandazwa juu ya mawe yenye joto na juu ya nyasi. Hapo napenda kueleza jambo ambalo vijana hawalijui tena. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyotandazwa chini au kuachwa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mvaaji. Kwa sababu hiyo bibi zetu walipiga pasi hata nepi, hata shuka, ndani na nje. Wengi leo wanadhani ilikuwa ni umaridadi tu.

Sitaki kuyapamba maisha ya ziwani. Kichocho kilikuwa humo majini, na kipo mpaka leo. Konokono wanaokibeba hukaa pembeni, kwenye majani na maji yaliyotulia, mahali palepale mama anaposimama na maji ya magotini huku mtoto anaogelea. Wanawake wengi wa rika la mama mkwe wangu waliugua matumbo miaka mingi. Lakini pia pale kwenye mawe ndipo ndoa zilipopangwa, ndipo mke anayepigwa alipojulikana, na ndipo mkwe mgeni alipojifunza nani ni nani mjini. Mashine yangu haijanipa habari hata moja.

Mjini penyewe, kwenye maduka ya Wahindi ya barabara ya Mukendo na kwenye ofisi za serikali, palikuwa na dobi. Ufundi huo ulipanda kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, ambako Wahindi walikuwa wameuleta. Dobi alitia kanji kwenye kola, akaongeza bluu kwenye maji ya mwisho ili nyeupe ing'ae, akapiga pasi ya mkaa yenye mdomo wa kutolea majivu. Kwetu kanji haikununuliwa. Ulikorogwa uji mwepesi wa muhogo, ukachujwa kwa kitambaa, na shati likasimama lenyewe. Dobi wote niliowaona Musoma walikuwa wanaume. Kazi ileile ambayo ziwani ilikuwa ya mke na binti, bila malipo na bila shukrani, ilipoanza kulipwa shilingi ikawa ya mwanaume, yenye meza, stoo na daftari la wateja. Nimelifikiria hilo miaka mingi na sijapata sababu ya kuliona kuwa ni la haki.

Kisha nguo zikaongezeka. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa Musoma na kupitisha azimio linalobeba jina la mji wetu, kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Wanahistoria wanapoandika juu ya Azimio la Musoma wanaandika madarasa na walimu. Mimi naongeza mashati. Karibu kila nyumba ambayo mwaka 1973 ilikuwa na mwanafunzi mmoja, miaka michache baadaye ilikuwa na watatu au wanne, kila mmoja na shati jeupe moja tu la kuvaa Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ikawa siku ya kufua sare kwa mkoa mzima, na Jumapili jioni, kama mvua ilinyesha, mashati yalikaushwa juu ya sufuria ya ugali. Nimesahihisha madaftari yenye harufu ya moshi, na wenye madaftari walinuka hivyohivyo.

Serikali ilikuwa imeahidi maji. Mpango wa miaka 20 uliotangazwa mwaka 1971 ulilenga kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400. Mabomba yalifika baadhi ya vijiji, mashine za kusukuma maji zikaharibika, dizeli ikakosekana, na vijiji vingi vikarudi kwenye visima vyake. Kuna waliokosa maji, lakini miaka iliyofuata wote tulikosa sabuni.

Mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati hapo pakawa na vita vya Kagera. Sisi wa Mara tuko jirani kabisa na Kenya, kwa hiyo sabuni na mafuta ya kupikia vilipita Sirari usiku kwa magendo, na bei ilikuwa ya usiku pia. Dukani kulikuwa na foleni, na shehena ya RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, ikifika habari ilisambaa mjini kabla gari halijazimwa. Walimu tulifulia majani ya mpapai. Unayaponda kwenye maji, yanatoa povu kidogo la kijani, na jasho linatoka ingawa mafuta hayatoki. Wengine walichemsha mafuta ya ng'ombe na magadi ya dukani wakapata sabuni nyeusi inayochubua mikono. Niliwafundisha wasichana darasani hatua za kufua kitambaa cha hariri kama kitabu kilivyotaka, na baada ya kipindi tukaenda pamoja kuchuma majani ya mpapai nyuma ya bweni.

Kuanzia 1984 biashara ilipolegezwa, sabuni ikarudi, na pamoja nayo ikaja mitumba. Hapa ndipo naona mgeuko mkubwa, mkubwa kuliko mashine yenyewe. Kabla ya hapo tulikuwa na vitenge na mashuka ya viwanda vyetu, pamoja na kile cha MUTEX hapa Musoma, na tulinunua kwa kuhesabu. Mitumba ilimpa hata mtoto wa mvuvi suruali tano. Mikono ya kufua haikuongezeka. Tena mabinti ambao zamani wangefua, sasa walikuwa shule, kama Azimio lilivyotaka.

Miaka hiyohiyo ziwa lenyewe likaanza kutufukuza. Magugu maji yalionekana upande wetu wa Tanzania kuelekea mwaka 1990, na kwa muda wa miaka kadhaa kuna asubuhi ambazo mawe ya kufulia yalizingirwa na zulia la kijani hata beseni halipiti. Walipoletwa wadudu wa kuyala, magugu yalipungua mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2004 Sheria ya Mazingira ikakataza shughuli za watu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Naiunga mkono sheria hiyo. Ziwa tunalolitia sabuni ndilo tunalolinywa, na sabuni ya unga ya siku hizi si sawa na kipande cha mche cha mama mkwe. Lakini hakuna aliyewajengea wanawake karo za umma kabla ya kuwaondoa ziwani, na wapo wanaofua pwani mpaka leo kwa sababu bili ya maji ya bomba inawashinda.

Hivyo ndivyo kufua kulivyohamia uani. Waliojiweza walijenga karo la saruji lenye koki. Wengine walipata mama wa kufua anayepita nyumba hadi nyumba na kulipwa kwa beseni. Na baadaye mashine.

Mashine ya umeme ya kufulia ni ya kale huko ilikotoka. Chicago ziliuzwa tangu karibu mwaka 1908. Kwetu ilichelewa kwa sababu mbili: umeme na bomba. Za kwanza nilizoziona kwenye nyumba za kawaida zilikuwa za mapipa mawili, pipa moja la kufulia na jingine la kukamulia, na watu walizicheka kwamba si otomatiki. Nakataa kuzicheka. Mashine ya mapipa mawili inajazwa kwa ndoo. Siku bomba halitoi maji, inafua. Nyumba iliyo Butiama juu, yenye simtanki la maji ya mvua na bomba la mgawo, inafaa zaidi kununua hiyo kuliko ile ya kioo mbele yenye taa nyingi.

Ile ya kioo mbele ina sifa moja inayonigusa kwa sababu ya madebe ya mama yangu. Mashine ya kilo 7 inayofunguliwa mbele hutumia lita 50 hivi kwa mfuo mmoja, pungufu ya madebe matatu. Nyingi za otomatiki zinazofunguliwa juu huzidi lita 100. Anayelipia maji ya boza aweke hesabu hiyo mbele ya rangi na jina. Ila mashine za otomatiki zinataka msukumo wa maji. Nyingi zinahitaji msukumo unaolingana na tangi lililoinuliwa mita tano hivi, na matangi yetu yamekaa kwenye mnara wa mita tatu. Mashine inasubiri maji, inachoka, inasimama na kuandika herufi za ajabu, na mwenye nyumba anamlaumu muuzaji. Inua tangi au weka pampu ndogo. Mwambie fundi pia afungue boliti za usafirishaji nyuma ya mashine kabla ya kuiwasha, maana nimeona mashine mpya ikitembea sakafuni kwa sababu ya boliti hizo.

Wifi yangu wa Bunda ana gesti kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari. Madereva wanalala, wageni wa Serengeti wanaopitia lango la Ndabaka wanalala, na kila asubuhi kuna rundo la mashuka. Yeye alinunua zote mbili, ya kufulia na ya kukaushia, akaipandisha ya kukaushia juu ya ya kufulia kwa fremu yake, kwenye kistoo kisicho na dirisha. Masika ya kwanza kuta zilitoa ukungu. Mashine ya kukaushia ya kawaida hutoa nje maji yote yaliyokuwa kwenye nguo yakiwa mvuke, na mvuke huo usipopelekwa nje ya nyumba kwa bomba, unabaki kwenye dari. "Wifi, kumbe nimenunua mvua," aliniambia. Tulitoboa ukuta, tukapitisha bomba, tukatenganisha soketi, kwa sababu mashine hizo mbili zikichota umeme kwenye soketi moja waya unaungua. Kwa gesti inamlipa. Mashuka yanarudi kitandani siku hiyohiyo hata mwezi wa nne, na yule nzi wa funza hana nafasi.

Kwa nyumba ya familia nasema hapana. Mzigo mmoja wa kukausha hula karibu uniti tatu, na kwa bei ya takriban shilingi 350 kwa uniti hiyo ni zaidi ya shilingi 1,000 ya LUKU kila mara. Nyumba iliyo kwenye bei nafuu ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi inaweza kuimaliza nafuu yote kwa kukausha nguo peke yake. Na nje kuna jua la Musoma, kuna upepo wa ziwa wa saa nane mchana, vyote bure. Kinachotusumbua ni mvua za Machi hadi Mei, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama moshi na kutua kwenye mashuka meupe. Mvua inatibiwa na paa. Mabati mawili ya kupitisha mwanga juu ya kamba, pande zikiwa wazi, yanakausha nguo hata siku ya manyunyu.

Mashine basi iwe uani, kwenye baraza ya nyuma, na si sebuleni. Iwe bega kwa bega na karo, si badala ya karo, kwa sababu kola za sare na magoti ya suruali za watoto bado yanataka mkono na kipande cha sabuni kabla ya kuingia kwenye pipa. Ikae juu ya saruji iliyonyooka, iliyoinuka kidogo ili maji ya mvua yasiifikie, kwa kuwa ya mbele ina kilo 60 na zaidi na ikitikisika inajimaliza yenyewe. Maji yake machafu yaende kwenye chemba au shimo lake, mbali na kisima, kama tulivyofanya Butiama. Waya wa athi uwepo kweli ardhini, usiwe wa kuchorwa tu kwenye ramani. Sabuni iwe ya povu dogo. Kamba ianze hatua chache tu kutoka kwenye mlango wa mashine, maana nguo mbichi ni nzito na mgongo wa mwanamke wa Mara umebeba vya kutosha.

Na kitufe chake kiguswe na wote. Wajukuu zangu wa kiume wanapanga nguo, wanatenga nyeupe na za rangi, wanaanika, wanaanua. Mama mkwe asingeamini.

Kwa wanaojenga sasa Bweri, Makoko, Bunda mjini na Butiama, ombi langu ni hili: mkikaa na mchora ramani, mwambieni atenge mita mbili kwa mbili nyuma ya jiko, chini ya paa, zenye koki, chemba na soketi yake, kabla msingi haujamwagwa. Kuvunja ukuta baadaye ili kupitisha bomba ni ghali kuliko kulipanga mapema.